Resho haichemshi, yuniti zinakwisha: tafuta ugonjwa kwa volti na ampea

Malalamiko ya umeme hapa Goma yanafanana mtaa kwa mtaa. Resho (jiko la umeme) haichemshi, dijonkteri (swichi inayojikata yenyewe) inashuka, yuniti zinakwisha mbio, mlango wa friji unapiga mkono. Dawa ya wengi ni kununua kifaa kingine. Wanashuka sokoni Birere, wanarudi na resho mpya, wanaichomeka kwenye prizi ileile, na maharage yanabaki magumu kama jana.

Kabla ya kutoa pesa, pima namba mbili: volti, yaani msukumo wa umeme, na ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Zipime kwa wakati mmoja, kifaa kikiwa kimewashwa na kinafanya kazi. Volti ya prizi isiyobeba mzigo haikuambii kitu. Hata waya uliooza utaonyesha 215 kama hakuna kinachovuta umeme.

Hesabu yenyewe ni fupi. Gawanya volti kwa ampea, unapata omu, yaani ukinzani wa kifaa, jinsi kinavyouzuia umeme. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati, yaani nguvu inayotumika sasa hivi. Ya kwanza ni kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827. Ukiziunganisha hizo mbili unapata ya tatu, ambayo mimi naitumia kila siku: wati ni volti mara volti, gawanya kwa omu. Shika hiyo "volti mara volti". Ndiyo inayoeleza kwa nini volti zikipungua kidogo, chakula kinachelewa sana.

Jinsi ya kupima bila kuungua

Kwa ampea tafuta mita ya kubana, ile yenye taya zinazozunguka waya. Taya zishike waya mmoja tu. Ukibana kebo nzima ya resho, fazi (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaorudisha) pamoja, mita itasoma sifuri hata kama resho imewaka nyekundu, kwa sababu umeme unaokwenda na unaorudi unafutana. Watu wengi wametupa mita nzima kwa sababu hiyo. Dawa yake ni ralonji (waya wa kurefushia) fupi iliyochanwa ganda la nje, nyaya za ndani zikiachana na kila moja ikibaki na ganda lake.

Testa ndogo ya kawaida (mita ya kupimia volti na omu) nayo ina tundu la ampea 10, lakini sikushauri ulitumie kwenye umeme wa nyumba. Ukisahau ncha kwenye tundu hilo halafu ukagusa prizi ili upime volti, umefanya shoti kwa mikono yako mwenyewe. Na kipimo cha omu hutumika kwenye kifaa kilichochomolewa tu, kamwe si chenye umeme.

Resho inapata joto lakini haichemshi

Chukua resho iliyoandikwa wati 1500 kwa volti 220. Ikiwa nzima inapaswa kuvuta ampea 6.8, na ukinzani wake ni omu 32.3 (220 mara 220, gawanya kwa 1500). Andika hiyo 32.3 pembeni. Ndiyo kitambulisho cha resho hiyo. Koili ya resho haibadiliki sana inapopata moto, kwa hiyo namba hiyo inabaki karibu palepale saa zote.

Sasa washa, pima. Tuseme umepata volti 168 na ampea 5.2. Ukigawanya, unapata 32.3. Resho ni nzima kabisa! Ila ukizidisha unapata wati 874, zaidi kidogo ya nusu ya zile 1500. Volti zimepungua kwa chini ya robo, nguvu imepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Hapo hata ukinunua resho ya Ulaya, maharage hayataiva mapema. Ugonjwa uko nyuma ya prizi, na sehemu inayofuata inakuhusu.

Ukipata volti 215 na ampea 3.3, hadithi ni nyingine. Omu ni 65, mara mbili ya kitambulisho. Resho nyingi zina koili mbili zinazofanya kazi sambamba. Moja imekatika na unapikia iliyobaki, kwa wati kama 710. Umeme wako hauna kosa, fungua resho.

Volti 214 na ampea sifuri ni mkato: waya ndani ya plagi, swichi, au koili. Chomoa, pima omu kutoka jino moja la plagi hadi jingine, kisha tikisa waya huku ukitazama mita. Namba ikicheza, umepata.

Halafu kuna hali inayofurahisha mwenye nyumba na kumtia fundi wasiwasi. Resho ya koili wazi ilikatika, mtu akaivuta na kuisokota palepale ilipokatika. "Fundi, tangu nitengeneze inawaka kuliko ilipokuwa mpya," mama ananiambia. Namjibu ni kweli, mama, na ndiyo shida yenyewe. Kipande kilichoungua kimetupwa, koili imekuwa fupi. Ikipoteza robo ya urefu, omu 32.3 zinakuwa 24 hivi, na kwenye volti 220 inavuta ampea 9 na kutoa wati 2000. Koili ileile nyembamba inabeba umeme mwingi kuliko ilivyopangiwa, itakatika tena karibu na pale pale, na prizi ya bei rahisi itayeyuka kabla yake.

Onyo dogo kwa wanaopima ampuli za zamani, zile zenye uzi unaowaka. Ampuli ya wati 60 ikiwaka ina omu kama 807, lakini ikiwa baridi testa itaonyesha chini ya sehemu ya kumi ya hiyo. Si mbovu. Uzi wake ukipata moto ukinzani unapanda mara nyingi, tofauti na koili ya resho.

Volti zinapotelea wapi?

Turudi kwenye zile 168. Umeme wa mji huu unatoka mbali, mwingine Ruzizi upande wa Bukavu, mwingine Matebe kule Rutshuru, lakini mara nyingi kinachokula volti zako ni mita chache za mwisho. Fuata njia kwa mpangilio, resho ikiwa imewashwa muda wote.

Pima kwenye kontere, yaani mita ya yuniti. Tuseme saa moja jioni, wakati mtaa mzima unapika, unakuta 193 resho ikiwa imezimwa na 190 ikiwa imewashwa. Saa sita usiku palepale unakuta 218. Kwa hiyo mtandao wa mtaa unakupunguzia volti 25 hivi wakati wa mzigo, na hizo si zako kuzitengeneza. Ziandike pamoja na saa, uzipeleke kwa anayekuuzia umeme. Karatasi yenye volti na saa inasikilizwa kuliko "umeme ni mdogo".

Lakini kutoka kontere hadi prizi, 190 zimekuwa 168. Hizo 22 ni zako. Gawanya kwa ampea 5.2, unapata omu 4.2 za njia. Je, ni nyingi? Shaba ya milimita mraba 1.5 ina omu 0.0115 kwa kila mita. Chumba kikiwa mita 30 kutoka kontere, umeme unakwenda na kurudi, mita 60, yaani omu 0.7. Waya mzuri ungekula volti 3.6 tu. Omu 3.5 zilizobaki zimejificha mahali: kwenye maungio, kwenye prizi iliyolegea, au kwenye waya unaong'aa kama shaba nje na ndani ni aluminiamu. Waya huo ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe ndani, umejua bei yake ilitoka wapi.

Namna ya kulipata ungio bovu ni kuweka ncha moja ya testa kabla ya ungio na nyingine baada yake, kwenye waya uleule, mzigo ukiwa umewashwa. Ungio zima linasoma karibu sifuri. Ukikuta volti 9, zidisha kwa ampea 5.2: wati 47. Hiyo ni nguvu ya chuma cha kulehemia, imefungwa kwa utepe mweusi na kulazwa juu ya dari. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao. Sihitaji kuendelea.

Maungio ya kusokota na kufunga utepe ndiyo ninayoyakuta mabovu mara nyingi zaidi, hasa shaba iliyosokotwa na aluminiamu. Yakate, tumia viunganishi vya skrubu vya ukubwa unaofaa, kaza, vuta kwa mkono uone kama waya unatoka. Zima dijonkteri kuu kabla ya kugusa, kisha hakikisha kwa testa kwamba kweli pamezimika. Mara nyingine kuna laini ya pili iliyopitishwa na mpangaji aliyetangulia.

Neno moja kuhusu regulateri, kile kisanduku cha kupandisha volti. Hakiumbi nguvu. Ili kutoa wati 1500 kwa volti 220 wakati njia inaleta 170, kinavuta ampea 8.8 badala ya 5.3, na bado hatujahesabu kinachokula chenyewe. Joto kwenye ungio linakua kwa ampea mara ampea. Kwa hiyo ungio lililokuwa linatoa wati 47 sasa linatoa zaidi ya 130. Ukiweka regulateri kabla ya kutengeneza maungio, umeongeza moto juu ya dari. Tengeneza njia kwanza. Baada ya hapo, kama mtandao wenyewe ndio dhaifu, regulateri kwa friji na televisheni ni sawa. Kwa resho siioni faida yake.

Yuniti zinakwisha mbio

Kwanza tuondoe ugomvi ndani ya nyumba. Wapo wanaosema umeme ukiwa mdogo yuniti zinakwisha haraka, na wapo wanaowacheka kwa sababu wati zimepungua. Wa kwanza wana haki, kwa njia yao.

Lita 5 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 95 (kwa mwinuko wa Goma, karibu mita 1500, maji huchemka hapo hapo) zinahitaji kama wati-saa 436. Lakini sufuria na resho vinapoteza joto hewani muda wote. Tuchukulie zinapotea wati 400. Kwenye wati 1500, zinabaki 1100 za kupasha maji: dakika 24, umetumia karibu wati-saa 600. Kwenye wati 874, zinabaki 474: dakika 55, umetumia 800. Chungu kilekile, theluthi moja zaidi ya yuniti. Mfuniko na chini ya sufuria iliyonyooka vinasaidia hapa kuliko ufundi wowote wa nyaya.

Kama huamini kontere, nayo inapimika. Kontere nyingi za kulipia kabla zina taa nyekundu inayokonyeza, na kando yake imeandikwa idadi ya mikonyezo kwa kilowati-saa moja, mara nyingi 1000. Soma ya kwako. Acha kitu kimoja tu kikiwaka, tuseme resho, hesabu mikonyezo ya dakika moja, zidisha kwa 60. Mikonyezo 25 ni 1500 kwa saa, yaani wati 1500. Linganisha na volti mara ampea ulizopima kwenye kontere. Zikikaribiana, kontere haina hatia.

Sasa chomoa kila kitu. Taa bado inakonyeza? Bana waya wa fazi unaotoka kwenye kontere. Ukikuta ampea 0.4 nyumba ikiwa imelala, huo ni ukinzani wa omu 550 usioujua wewe, na kama ni wa kupasha ni wati 88, zaidi ya yuniti 2 kwa siku. Shusha dijonkteri ndogo moja moja hadi taa itulie. Laini iliyotuliza taa ndiyo inayovuja ndani ya ukuta uliolowa, au ndiyo inayomlisha jirani. Yote mawili nimeyakuta, na la pili linahitaji busara kuliko testa.

Dijonkteri inashuka

Hapa tazama saa. Ikishuka papo hapo unapowasha, ni shoti. Tafuta kifaa kwa kuchomoa vyote na kurudisha kimoja kimoja. Ikishuka baada ya dakika kadhaa, ni jumla ya mzigo. Dijonkteri ya ampea 10 inabeba wati 2200. Resho (6.8) na pasi ya wati 1000 (4.5) ni ampea 11.3, inaweza kuvumilia hata saa nzima, ndivyo zilivyotengenezwa. Resho na birika la wati 2000 ni karibu 16, na hiyo itashuka. Usiweke ya 20 mahali pa ya 10 kabla ya kutazama unene wa waya. Dijonkteri inalinda waya, haikulindi wewe wala birika.

Vifaa ambavyo hesabu hii inadanganya

Volti gawanya kwa ampea ni ya vitu vya kupasha: resho, pasi, birika, ampuli za uzi. Televisheni, chaja na taa za LED nyingi hufanya kinyume: volti zikishuka, zinavuta ampea zaidi ili kubaki na wati zilezile. Ukipata "omu" za chaja, umepata namba isiyo na maana.

Friji nayo ina mota. Ukisoma volti 220 na ampea 0.9, kuzidisha kunakupa 198, lakini kontere inahesabu labda 120 tu, kwa sababu ampea za mota hazifuatani sawasawa na volti. Usimshitaki muuza friji kwa hiyo 198. Hesabu mikonyezo ya taa. Jambo la kuogopa kwenye friji ni volti ndogo wakati wa kuanza. Ikinguruma bila kuwaka na ampea zimebaki juu mara kadhaa ya kawaida, ichomoe. Mota iliyokwama inapika koili zake.

Chuma kinapiga mkono

Mteja anasema, "Nimefunga waya wa ardhi, kwa nini bado napigwa?" Hapa Goma swali hilo lina jibu chini ya miguu yetu. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na chini yake kuna ya kale zaidi. Fimbo ya ardhi iliyopigwa kwenye mwamba huo mara nyingi inaingia sentimita chache kisha inapinda, na wengine hukata ncha iliyobaki nje ili kazi ionekane imekwisha.

Tuseme ardhi hiyo ina omu 200. Fazi ikigusa bodi la friji, umeme unaokwenda ardhini ni 220 gawanya kwa 200, yaani ampea 1.1. Dijonkteri ya 16 haitambui hata kama kuna jambo. Itaendelea kupeleka wati 242 kwenye mwamba mchana na usiku, yuniti zinakwenda, na bodi la friji linabaki na karibu volti zote 220, likimsubiri mtoto aliyelowa miguu.

Dawa ni dijonkteri ya kuvuja, ile yenye kitufe cha kujaribia, ya miliampea 30. Yenyewe inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ikikosa 0.03 ya ampea, inakata. Sasa hesabu upya: volti 50 kwa kawaida ndiyo mpaka wa hatari pakiwa pakavu, na 50 gawanya kwa 0.03 ni omu 1667. Kwa hiyo hata ardhi mbaya ya omu 200 inatosha kuifanya ikate kabla bodi halijafika huko. Bila kifaa hicho ungehitaji ardhi ya omu chache mno, na kwenye lava huipati kwa fimbo moja. Waya wa shaba mtupu uliozikwa kwenye mtaro kuzunguka msingi, ukafunikwa kwa udongo uliosombwa kutoka mahali pengine, unafanya kazi vizuri kuliko fimbo iliyopinda. Kitufe cha kujaribia kibonyeze kila mwezi. Kisipokata, badilisha.

Kompyuta ya bodi la chuma inaweza kukutekenya hata ikiwa nzima, na testa ikaonyesha volti kama 110 kati ya bodi na ardhi. Hiyo hutoka kwenye kichujio cha ndani na ampea zake ni ndogo mno. Inakwisha ukiunganisha waya wa ardhi. Usiichanganye na friji inayopiga.

Inveta inalia na betri imejaa

Kwa wenye pano za jua, hesabu ni ileile ila ampea ni kubwa. Wati 500 kutoka betri ya volti 12 ni karibu ampea 42, na zaidi ukihesabu kinachopotea ndani ya inveta. Nati iliyolegea yenye omu 0.01 tu, ambayo testa ya kawaida haiwezi hata kuisoma, inakula volti 0.42 na kutoa wati 17 za joto. Nati mbili za hivyo na waya mwembamba kidogo, inveta inaona volti 11 wakati betri ina 12.3, inadhani betri imekwisha, inakata.

Pima volti kwenye vichwa vya betri yenyewe, kisha kwenye skrubu za inveta, mzigo ukiwa umewashwa. Tofauti ikizidi nusu volti, zima kila kitu, safisha vichwa, kaza nati na fupisha waya kati ya betri na inveta, kisha pima tena. Biashara ya betri mpya izungumzwe baada ya hapo.